Mwaka Nilioitwa Wozidaidi

Simu ya msiba ilinikuta ofisini, shuleni kwetu Kilosa, nikisahihisha insha za kidato cha pili kwa kalamu nyekundu. Binti yake Kassim alisema mama yake, Rehema, ameondoka alfajiri, na kwamba baba amemtuma aniambie mimi kabla ya watu wengi wengine. Nilimpa pole, nikakata simu, nikaweka kalamu chini. Halafu nikafanya jambo ambalo mwanamke wa umri wangu hapaswi kulikiri kwenye maandishi: nilitabasamu. Rehema nilimpenda, Mungu amlaze mahali pema, na machozi yake yalikuja baadaye, tena mengi. Lakini jina lililonijia kwanza kichwani halikuwa lake. Lilikuwa langu, jina ambalo Kassim alinibandika tukisoma pamoja, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, likanifuata mwaka mzima kama harufu ya dagaa kwenye kanga. Aliniita Wozidaidi. Kesho yake, kwenye basi la kwenda Msamvu, nilikaa dirishani nikautazama mlima wa Uluguru ukikaribia, na mwaka ule wote ukanirudia, chumba kwa chumba na sufuria kwa sufuria. Mimi sisahau, ndiyo ila yangu, na nisipoyaandika haya sasa sijui nitayaandika lini.

Ulikuwa mwaka wa kurudia. Mtihani wa kidato cha nne nilikuwa nimeufanya, masomo mengine nikapita, Kiingereza nikapata F. Chuo cha ualimu nilichokitaka hakikumtaka mtu aliyefeli Kiingereza, na mimi tangu mdogo sikutaka kazi nyingine ila ya kusimama mbele ya ubao. Mama alikuwa amefariki mwezi Machi wa mwaka ule wa mtihani wa kwanza. Habari zaidi za ukoo ni za kitabu kingine. Shangazi Mwajuma, aliyekuwa akiishi Mji Mpya, alinichukua kutoka kijijini kwetu Kinole, mlimani, akanipa godoro moja na mwaka mmoja. Masharti yalikuwa mepesi kuyaelewa. Nikifaulu, chuo. Nikishindwa, napanda mlima kurudi kubeba ndizi na mdalasini kushusha sokoni, kazi ambayo sikuidharau wala siidharau leo, maana ndiyo iliyonilea. Ila nilikwishaota ndoto nyingine, na mtu aliyekwisha kuota hawezi kuambiwa arudi kulala upya.

Tuisheni nilikwenda kwa Mwalimu Beata. Alikuwa Mngoni, mjane wa mfanyakazi wa reli, mstaafu wa shule ya wasichana, na darasa lake lilikuwa baraza la nyuma ya nyumba yake pale Kichangani. Mabenchi mawili, mlango wa stoo uliopakwa rangi nyeusi ndio ubao, na hatua tatu kutoka ubaoni kulikuwa na jiko la mkaa ambalo halikuzimwa tangu tunaingia saa nane mpaka tunatoka. Mwalimu alifundisha huku akipika. Chaki mkono mmoja, mwiko mkono wa pili, na zipo siku alisahau akaelekeza ubaoni kwa mwiko, mchuzi ukadondokea kwenye sentensi. Tulikuwa wanane, wote warudiaji, na kila siku mmoja wetu alikuwa na zamu ya kuchochea mkaa. Mpaka leo nikisikia harufu ya maharage ya nazi nasikia na vitenzi. Uani alizunguka bata mzinga dume, mkorofi, tuliyemwita Inspekta kwa sababu alikuwa akipita kukagua miguu yetu mmoja mmoja. Saa kumi mvua ya mlima ilishuka, Uluguru yote ikapotea kwenye wingu, na bati likapiga kelele hadi Mwalimu akaacha kusema akawa anaandika tu. Kassim alikaa mwisho wa benchi la mbele. Baba yake alikuwa na duka karibu na stendi ya Msamvu, na yeye alikuwa kijana wa shati lililopigwa pasi na ulimi uliopigwa pasi zaidi. Kiingereza hakukifeli. Alikuwa amepata D na alikuja kuipandisha, na hakutuacha tulisahau hilo.

Wiki ya tatu Mwalimu alitupa insha ya tukio ambalo hatutalisahau. Niliandika nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa shangazi, mchana, watu wakinipita, nikaandika juu ya Machi. Kiswahili cha jambo lile nilikijua: nilifiwa na mama. Basi nikaligeuza kipande kwa kipande. Kitenzi kimetendwa, kwa hiyo "was". Kufa ni "die", na kwa kuwa imepita, "died". Na mama, "by my mother". I was died by my mother. Nilisoma mara mbili, nikaona imetulia. Sasa Mwalimu Beata alikuwa na desturi ya kutubadilishia madaftari, kila mmoja asahihishe la mwenzake kabla yeye hajapitia, na langu likaangukia kwa Kassim. Alisoma kimya. Nikaona mabega yanatikisika. Kisha akasimama, akaisoma sentensi ile kwa sauti ya mtangazaji wa redio, na baraza zima likaangua kicheko. Hata Inspekta alipokea kwa mlio wake. Leo naamini hawakuwa na roho mbaya. Waliisikia sarufi, mama hawakumsikia. Mimi nilimsikia. Nilitazama mkaa jikoni mpaka macho yakauma, na nikaapa sitalia mbele ya mtoto wa mwenye duka.

Siku ile ile "was died" yangu ikawa jina, nikawa Wozidaidi. Nikiingia, Wozidaidi kaja. Nikichelewa, Wozidaidi yuko wapi. Kabla ya mwezi kwisha wauza mboga waliotoka mlimani walilisikia sokoni kutoka kwa vijana, wakalipandisha pamoja na vikapu vitupu, na binamu yangu mmoja akashuka kutoka Kinole kuniuliza kama kweli nimebadili jina. Hawakujua maana yake. Waliona ni jina zuri la Kizungu. Shangazi Mwajuma, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne lakini hakuna mtu aliyewahi kumdanganya, alinitazama nikimenya magimbi akaniuliza hilo jina limetoka wapi. Nikamweleza. Akachukua gimbi mkononi mwangu akamalizia kulimenya yeye. Akasema kuteleza si kuanguka. Nikamjibu kwa hasira kwamba nimeteleza na nimeanguka, vyote viwili, na sasa hata nyumbani siwezi kurudi kwa sababu jina limenitangulia. Hapo ndipo nilipojua kwamba sirudi tena kwa hiari yangu. Ama mtihani, ama jina lile mpaka kaburini.

Siku chache baadaye Mwalimu Beata alinibakiza wenzangu walipotoka. Sikuwa na zamu lakini alinipa mwiko. Akaniuliza maharage yanafanya nini. Nikasema yanachemka. Akaniuliza mimi nafanya nini. Nikasema nayachemsha. Akacheka, akasema tayari najua vitenzi elekezi na visivyo elekezi, tatizo langu ni kwamba nimevijua kwa Kiswahili vizuri mno. Kwetu kitenzi chenyewe kinabadili mkia: maharage yanachemka, basi, habari imekwisha, hakuna wa kumuuliza, lakini nikichemsha, lazima pawe na kitu ninachokichemsha, na kitu hicho ndicho yambwa. Mwingereza, alisema, hana mkia wa kubadili. "Boil" ni ile ile, maharage yakichemka na mtu akiyachemsha. Kwa hiyo ukitaka kumjua Mwingereza usitazame mwisho wa kitenzi, tazama nyuma yake kama kuna mtu amesimama. Uliza, nani au nini. Ukipata jibu, kitenzi ni elekezi na unaweza kukigeuza, yambwa ikaja mbele, kitenzi kikatendwa. Usipopata jibu, usikiguse. Kisha akaniambia niulize "die".

Niliuliza. Mama alikufa nani, mama alikufa nini. Hapakuwa na jibu. Mwalimu akachukua mwiko wake. "Umeona, mwanangu. Kwao anayekufa anakufa peke yake. Nyuma ya die hakuna mtu." Nikamuuliza basi Mwingereza aliyefiwa anasemaje, maana haiwezekani wao wasifiwe. Akaandika ubaoni, I lost my mother. Nilimpoteza mama. Niliitazama sentensi ile, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikambishia mwalimu. "Sikumpoteza, Mwalimu. Nilikuwa nimekaa pembeni yake." Mvua ilikuwa imekwisha, maji yakidondoka kwenye ndoo chini ya bati. Hakunikemea. Alisema yeye naye alipofiwa na mume wake aliandikiwa barua na mkuu mmoja wa zamani kule reli, ya Kiingereza, yenye neno lile lile, na alikasirika siku tatu. Halafu akasema kwa mtihani nitaandika "lost" na nitapata alama yangu, na kwa moyo wangu nitasema ninavyojua. Tulikula maharage yale kwa ugali, wawili tu, na nikarudi Mji Mpya nikiwa nimenyooka mgongo.

Lakini kuambiwa ni jambo moja, na kuona mwenyewe ni lingine. Niliona mwenyewe kupitia ukuta. Chumba nilicholala kilipakana na chumba cha mpangaji wa jirani, Baba Zuhura, fundi cherehani mpole, na mkewe Mama Zuhura, ambaye hakuwa mpole. Ukuta ulikuwa wa tofali za tope, haukufika kwenye paa, na kila lililosemwa upande ule lilikuwa letu pia. Asubuhi moja ya Jumapili nilikuwa nikikariri orodha ya vitenzi nilipomsikia Baba Zuhura akisema, kwa sauti ya mtu anayetaka jambo lipite, kwamba glasi imevunjika. Mama Zuhura akauliza polepole, "Imevunjika, au umeivunja?" Mumewe akarudia kwamba imevunjika. Mama Zuhura akataka kujua kama iliruka yenyewe kutoka mezani, kama ilikuwa imechoka kuishi, kama ilimwandikia barua ya kuaga. Ilikuwa glasi ya seti ya harusi. Wakaendelea hivyo kwa muda mrefu, mume imevunjika, mke umeivunja, na wala hawakuwa na neno lingine la kugombania isipokuwa ule mkia mdogo wa kitenzi.

Nilikaa kitako kwenye godoro. Ugomvi mzima ulikuwa juu ya vitenzi elekezi. Baba Zuhura alikuwa amejificha ndani ya kitenzi kisicho elekezi, mahali ambapo hakuna mtendaji wala lawama, na mkewe alikuwa anamvuta nje amtie kwenye sentensi. Nikajaribu kuwasemea kwa Kiingereza. The glass broke: glasi ilivunjika, Baba Zuhura angeshukuru. I broke the glass: niliivunja, na Mama Zuhura angeridhika. Neno lilikuwa moja, halikubadili nguo, waliobadilika ni waliokaa mbele yake na nyuma yake. Mwaka mzima nilikuwa nikikariri sheria kama mtu anayekariri namba za magari yanayopita, na sasa nikaona kwamba sheria ile inahusu nani alimfanya nani nini, jambo ambalo nyumba zote za Mji Mpya zilikuwa zikiliulizana kila siku ya Mungu. Nilicheka peke yangu mpaka Mama Zuhura akagonga ukuta akauliza kuna nini cha kuchekesha huko. Shangazi akajibu kwa niaba yangu kwamba mtoto anasoma.

Jumatatu nilimweleza Mwalimu Beata, nikakiita kisa cha glasi cha watu fulani, kwa heshima. Alicheka hadi akakaa kwenye benchi letu. Kisha akanipa chaki. Ndivyo nilivyosimama mbele ya ubao kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, ubao wa mlango wa stoo wenye kitasa kilichonichoma ubavuni, nikawaeleza wenzangu saba kuhusu mume, mke na glasi. Waliokuwa wakilala waliamka. Msichana mmoja aliyeitwa Neema, aliyekuwa hajawahi kujibu swali hata moja, alisema kwao Turiani dada yake mkubwa husema ugali umeungua, na mama huuliza umeungua au ameuunguza. Kila mmoja akaja na ugomvi wa kwao. Mlango umefungwa au umefungika. Mtoto ameanguka au ameangushwa. Kassim peke yake alikaa akizungusha kalamu, na nilipopita kurudi kwenye nafasi yangu alinong'ona, "Vizuri, Wozidaidi." Sikumjibu. Nilikuwa nimeonja kitu kitamu kuliko majibu.

Kila Ijumaa Mwalimu alitusimamisha mmoja mmoja. Anayesimama anatupiwa vitenzi na wenzake, na kwa kila kimoja aseme ni elekezi au si elekezi, atoe sentensi, atoe sababu. Akikosea anaketi. Ijumaa ya mwisho kabla ya mtihani Mwalimu alileta na wageni, watahiniwa wenzetu wa tuisheni ya jirani, baraza likajaa mpaka uani alipokuwa Inspekta. Nilisimama wa mwisho. Wakanirushia arrive, carry, sleep, raise, rise, nikazipokea zote kama mtu anayedaka ndizi zinazorushwa kutoka kwenye gari. Kassim alisubiri hadi wengine wakaishiwa. Akasema "run", na kwa kunisaidia, alisema, akatoa jibu mwenyewe: si elekezi, maana kukimbia hakuna yambwa. Ulikuwa mtego, nami nikauona. Siku moja kabla, mbele yetu sote, Inspekta alikuwa amemfukuza Kassim kuzunguka nyumba mara mbili, na shati lake la pasi likabaki kwenye uzio. Nikasema inategemea nani amesimama nyuma ya kitenzi. "Kassim's father runs a shop. Runs nini? Duka. Ni elekezi." Nikangoja kidogo. "Kassim runs. Hapo hakuna yambwa. Kuna bata mzinga tu."

Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile, nimepata vyeti na watoto na makofi ya wazazi siku za mahafali, lakini kicheko kile sijakipata tena. Wageni walipiga mabenchi. Mwalimu Beata aligeukia sufuria yake ili tusimwone. Kassim mwenyewe alicheka, namsifu kwa hilo, kisha akafuta uso, akaniangalia, na akasema neno moja tu: "Die." Kila mtu pale, hata wa tuisheni ya jirani, alijua jina langu na lilikotoka. Nikashika kitasa cha ule mlango.

Nikasema "die" si elekezi. Nikasema nyuma yake hakuna mtu, kwa hiyo haigeuzwi, na aliyeandika I was died alikosea Kiingereza. Sikuishia hapo. Nikasema Kiswahili kinakichukua kitenzi cha kufa, kitenzi hicho hicho cha mpweke, na kukifungulia mlango aingie aliyebaki. Alikufa. Alinifia. Nilifiwa. Nikasema Mwingereza hakuuweka mlango huo kwenye neno lake, na mimi nilipoandika insha ile nilikuwa nimejaribu kupita mahali ambapo kwetu kuna mlango na kwao kuna ukuta. "Nilikuwa sijakosea nilichotaka kusema," nikawaambia. "Nilikosea lugha ya kukisemea." Kisha nikaisema kwa Kiingereza sahihi, sentensi fupi ambayo mwaka mzima sikuthubutu kuitamka kwa lugha yoyote. "My mother died." Nikarudi kwenye benchi, na Neema akanishika mkono chini ya daftari. Tangu saa ile hakuna aliyeniita Wozidaidi pale barazani, na Kassim ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha.

Kwenye mtihani lilikuwepo swali la kugeuza sentensi ziwe za kutendwa pale inapowezekana. Moja ilisema wageni waliwasili mchana. Niliuliza, wageni waliwasili nani, wageni waliwasili nini, nikaandika kwa mkono uliotulia kwamba haiwezekani, na nikapiga mstari chini ya neno lile kwa furaha ya mtu aliyemfungia mwizi mlango. Matokeo yalipobandikwa nilikwenda na shangazi, kwa sababu sikuamini macho yangu yataniambia ukweli. Alisoma yeye, kidole kwenye kioo, polepole, akipita majina ya watu mpaka akafika kwangu na kutelezesha kidole kulia. Kiingereza, B. Kassim alikuwa amepata C. Shangazi Mwajuma, mwanamke aliyekuwa hacheki ovyo, alivua kanga ya begani akanitandikia chini pale pale mbele ya watu nipite juu yake, na mimi nikapita, nikiwa na ndala zenye tope, nikilia kama mtoto. Jioni alipika ndizi kwa nyama, akawaita Baba Zuhura na Mama Zuhura. Walikunywa soda kwa vikombe vya bati. Habari za matokeo zilipanda mlima na wauza mboga kama zilivyopanda zile za kwanza, na Kinole wakaambiwa kwamba yule Wozidaidi amewashinda watu wa mjini.

Nilikwenda chuo, nikawa mwalimu, na nimekuwa mwalimu tangu hapo. Kassim naye alikiendeleza kile Kiingereza chake, akawa mkalimani wa watafiti wanaokuja kupanda Uluguru kutafuta ndege na miti, na siku alipomwoa Rehema aliniomba nimsimamie bibi harusi. Tumekuwa ndugu. Alikuwa akiniita Mwalimu, hata mbele ya wanawe, na lile jina wala ile sentensi hakuvitaja tena, hata kwa utani, na mtu yule utani anaujua. Mwalimu Beata tulimzika sisi wanafunzi wake, nikausema wasifu wake kwa lugha mbili kama alivyotaka.

Basi Alhamisi nilishuka Msamvu, nikachukua bajaji mpaka kwa Kassim, Kihonda. Niliingia kwanza ndani kwa wanawake, nikakaa nao, nikamlilia Rehema inavyostahili. Alasiri nikatoka kumpa pole mfiwa. Alikuwa amekaa kwenye mkeka pembezoni mwa turubai, kofia imelegea, shati halikupigwa pasi. Sikuwahi kumwona Kassim na shati lisilopigwa pasi. Nilikaa kwenye kigoda karibu yake, tukatazama mlima ukifunikwa na wingu la saa kumi. Baada ya muda alinionyesha simu yake. Wale watafiti walikuwa wamemwandikia kutoka huko kwao, watu wengi, wema wote, na kila mmoja ameandika sentensi ile ile: sorry for your loss. Alisema amewajibu wote ahsante. Kisha akailaza simu kifudifudi juu ya mkeka.

"Mimi sikupoteza kitu, Hawa," alisema. Hawa ndilo jina langu, na hakuwa ameniita hivyo kwa miaka. "Nilikuwa nimemshika mkono."

Naye akageuka akaniangalia, mzee mwenye macho mekundu, na kwa Kiingereza chake kile kisicho na doa, neno baada ya neno kama mtu anayevuka mto kwa mawe, akasema, "I was died. By Rehema. I was died by my wife." Hakuwa anatania. Alikuwa ametafuta katika lugha yote aliyoitafutia riziki, hakupata kingine kilichobeba kile alichonacho, na akaja kuchukua kwangu sentensi aliyoicheka akiwa kijana. Nilijisikia mshindi, na sioni haya kusema hivyo msibani. Nikainama, nikachora alama ya vema mchangani kando ya mkeka wake, kubwa, yenye mkia mrefu, kama zile za Mwalimu Beata.

"Sahihi," nikamwambia.

Kassim aliitazama. Walipokuja watu wa msikitini kumpa mkono, aliwaonyesha wapite upande wa pili, wasiikanyage.